Kwa nini jiki mara mbili haipaushi jinzi mara mbili

Msimu wa maonyesho ya sayansi mashuleni unapokaribia, walimu wengi hukimbilia jaribio lisilohitaji vifaa vya gharama: vipande vya suruali kuukuu ya jinzi, chupa ya jiki, maji na saa. Wanafunzi huandaa michanganyiko yenye ukali tofauti, hutumbukiza vipande vyao, kisha huangalia kipi kimepauka zaidi. Maswali huanza hapo, na mengi huanzia nyumbani. Mzazi anauliza: kila mtu anajua jiki kali inapausha kuliko iliyozimuliwa, sasa mnapima nini? Mwanafunzi naye amerudi na jedwali lililoandikwa "jiki asilimia 50", wakati chupa yenyewe inasema asilimia 3.5. Na kundi la dawati la jirani limepata majibu tofauti kabisa, ingawa wote walitumia jinzi ya buluu.

Maswali hayo ni ya haki. La kwanza ndilo zito kuliko yote. Ni kweli kila mtu anajua kwamba jiki kali inapausha zaidi. Ambacho wengi hawakijui ni zaidi kwa kiasi gani. Dhana iliyozoeleka ni kwamba ukiongeza jiki mara mbili, nguo nayo itapauka mara mbili. Haiwi hivyo, na jaribio likifanywa kwa uangalifu linaonyesha wazi kwamba haiwi hivyo. Kulielewa kunahitaji tuanze na kitambaa chenyewe, kabla hata ya kufungua chupa.

Uzi wa jinzi una siri katikati

Chukua kipande cha jinzi ya buluu, uchomoe nyuzi pembezoni. Utaona zinatoka nyuzi za aina mbili. Zile za mtande, zinazokwenda kwa urefu, ni za buluu. Zile za mshindio, zinazopita kwa upana, ni nyeupe. Zimefumwa kwa mshazari hivi kwamba mtande unaonekana zaidi upande wa nje, na ndiyo maana suruali hiyohiyo ni ya buluu nje na nyeupe-nyeupe ndani. Sasa kata uzi mmoja wa buluu kwa wembe mkali, kisha tazama ncha yake kwa kioo cha kukuzia. Buluu iko kwenye ganda tu. Moyo wa uzi ni mweupe.

Hali hiyo inatokana na tabia ya rangi yenyewe. Jinzi hutiwa nili, na nili haiyeyuki katika maji. Kiwandani hubadilishwa kwanza kwa kemikali iwe katika hali inayoyeyuka, ambayo ni ya manjano-kijani, halafu nyuzi huchovywa humo. Zikitolewa na kukutana na hewa, nili hurudi kuwa buluu na kunasa palepale ilipo. Nyuzi huchovywa tena na tena, tabaka juu ya tabaka, bila rangi kupata nafasi ya kuzama hadi ndani. Zamani nili ilitoka kwenye majani ya mnili. Mkemia wa Kijerumani Adolf von Baeyer alibainisha muundo wake mwaka 1883, na kampuni ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897. Siku hizi karibu jinzi zote hutumia hiyo ya kiwandani.

Kwa hiyo rangi ya jinzi ni chache kuliko inavyoonekana. Ni ganda jembamba juu ya pamba nyeupe, na likiisha limeisha.

Jiki inafanya nini hasa

Watu wengi Kenya na Tanzania huita jiki dawa yoyote ya maji ya kupaushia nguo, bila kujali imetengenezwa na nani. Bujumbura, Kigali au Bukavu utasikia javel. Ndani yake kuna kitu kimoja: hipokloriti ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji. Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, maana yake ni kwamba kila mililita 100 zina takriban gramu 3.5 za hipokloriti. Kiasi hicho cha dawa ndani ya kiasi fulani cha maji ndicho kinachoitwa ukolezi. Neno "ukali" tunalotumia kila siku linamaanisha jambo hilohilo, ila ukolezi una namba.

Molekuli ya nili ina nusu mbili zinazofanana, zilizoshikanishwa katikati na kifungo maradufu cha kaboni. Mpangilio huo ndio unaoifanya ifyonze mwanga mwekundu na wa rangi ya chungwa, ikaturudishia buluu. Hipokloriti huikata molekuli katika kifungo hichohicho cha katikati. Zinabaki nusu mbili ziitwazo isatini, zenye rangi ya manjano hafifu. Molekuli imevunjika, haiwezi tena kuwa buluu.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana, hata kwenye ripoti za wanafunzi: kwamba jiki "inatoa" rangi kutoka kwenye nguo. Kanga mpya ikiloweshwa na kuchuja, rangi hutoka kwenye nguo ikiwa bado rangi, ikaingia majini, na maji yakageuka. Jinzi ndani ya jiki ni jambo jingine. Tazama bika, yaani chombo cha maabara chenye mchanganyiko, baada ya dakika kadhaa: kitambaa kinazidi kuwa cheupe, lakini maji hayawi ya buluu. Yanaelekea umanjano. Buluu iliyopotea haipo popote. Naona uchunguzi huu mdogo una thamani kuliko nusu ya jedwali, na inasikitisha kwamba ripoti nyingi hazina mstari hata mmoja unaoeleza maji yalionekanaje.

Umanjano huo pia unaeleza kwa nini jinzi iliyopaushwa nyumbani na kusuuzwa haraka-haraka hubaki na umanjano hafifu badala ya weupe safi. Isatini haijaondolewa vizuri.

Kwa nini haiwi mara mbili

Fikiria mkarafuu uliojaa, na wachumaji wamepanda. Wachumaji kumi wanachuma kwa kasi fulani. Ukileta ishirini, mwanzoni vikapu vinajaa kwa kasi maradufu. Lakini karafuu kwenye mti zina idadi yake. Kadiri zinavyopungua, kila mchumaji anatumia muda mwingi zaidi kutafuta, na zikiisha hata ukileta wachumaji mia hakuna cha kuchuma. Hipokloriti ni wachumaji, nili ni karafuu. Kuongeza ukolezi kunaongeza kasi ya kuvunja nili. Hakuongezi nili ya kuvunjwa.

Tuweke namba, kwa mfano tu. Tuseme mchanganyiko fulani unavunja asilimia 10 ya nili iliyobaki kila dakika. Ukianza na 100, baada ya dakika moja zimebaki 90, dakika ya pili inaondoka asilimia 10 ya zile 90, zinabaki 81, na kuendelea. Baada ya dakika 10 zimebaki kama 35, yaani 65 zimepotea. Sasa tumia mchanganyiko wenye ukolezi maradufu, ambao kwa dakika moja unafanya kazi ambayo ule wa kwanza unaifanya kwa dakika mbili. Baada ya dakika 10 hizohizo zimebaki kama 12, na 88 zimepotea. Ongeza maradufu tena: karibu 99 zimepotea.

Tazama hatua zenyewe: 65, 88, 99. Ukolezi umepanda mara mbili, kisha mara nne, lakini upaukaji umeongezeka kwa 23 mara ya kwanza na kwa 11 mara ya pili. Ukichora grafu, mstari unapanda kwa kasi halafu unalala. Mwanafunzi aliyetarajia mstari mnyoofu hudhani ameharibu jaribio. Hajaharibu kitu. Huo mstari unaolala ndio jibu, na mwalimu anayemwambia arudie hadi upatikane mstari mnyoofu anamfundisha kinyume cha sayansi.

Kutokana na hesabu hiyohiyo linatoka jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: ukolezi na muda hubadilishana nafasi. Mchanganyiko dhaifu ukiachwa dakika 20 unaweza kufikia pale ambapo wenye ukali maradufu ulifika kwa dakika 10. Kwa hiyo mtu akikuambia "nilitumia jiki kidogo tu lakini suruali imeharibika", muulize aliiacha ndani kwa muda gani.

Asilimia ya nini?

Turudi kwenye lile jedwali lenye "jiki asilimia 50". Mwanafunzi alichukua mililita 50 za jiki na mililita 50 za maji. Nusu ya mchanganyiko ni jiki, hilo ni kweli. Lakini jiki yenyewe tangu dukani ilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Ukolezi wa hipokloriti ndani ya bika yake ni nusu ya 3.5, yaani asilimia 1.75. Akisoma mtu mwingine kwamba alitumia "asilimia 50", anaweza kufikiri ni kemikali kali mno isiyouzwa hata madukani.

Njia ya kuhesabu ni nyepesi: zidisha asilimia ya chupa kwa mililita za jiki ulizochukua, kisha gawanya kwa jumla ya mililita za mchanganyiko. Mililita 20 za jiki ya asilimia 3.5 zikijazwa maji hadi 100 zinatoa asilimia 0.7. Ripoti iandike namba hiyo ya mwisho.

Hili pia linaeleza kwa nini makundi mawili hupata majibu tofauti kwa "asilimia 50" ileile. Chupa moja ni ya asilimia 3.5, nyingine imezidi 5. Au zote zinafanana kwa lebo lakini moja ilikaa miezi dirishani mwa duka ikipigwa na jua. Hipokloriti huoza yenyewe, na joto na mwanga huiharakisha. Ndiyo maana huuzwa katika chupa zisizopitisha mwanga. Kwa jaribio, tafuta chupa yenye lebo na tarehe ya karibuni, na makundi yote yachote humohumo. Ile inayouzwa kwa kupimwa katika chupa za maji zilizotumika haifai kabisa kwa kazi hii, kwa sababu hakuna anayejua ukolezi wake ni upi.

Kulifanya jaribio lijibu swali moja

Katika jaribio kuna kitu unachokibadilisha kwa makusudi, hapa ni ukolezi wa hipokloriti. Kuna kitu unachokipima, yaani kiasi cha kupauka. Vingine vyote lazima vikae tuli: kitambaa, muda, joto, ujazo wa mchanganyiko, namna ya kusuuza. Vitabu huviita kigeu huru, kigeu tegemezi na vigeu vinavyodhibitiwa. Majina ni mepesi kukariri. Kazi iko kwenye kuvifanya vikae tuli kweli.

Kitambaa ndicho cha kwanza kuleta vurugu. Jinzi za mitumba kutoka Gikomba au Karume kila moja ina historia yake. Nyingi zilikwisha paushwa kiwandani kwa mawe mepesi ya volkano, vimeng'enya au leza kabla hata ya kuvaliwa na mtu. Ukikata kipande kwenye goti na kingine karibu na mfuko, umeshaanza na rangi mbili tofauti. Tumia suruali moja, upande wa nyuma wa paja chini kidogo ya makalio, ambapo rangi kwa kawaida ni sawa. Kata vipande vya sentimita 4 kwa 4, viwe vitatu kwa kila ukolezi na kimoja cha akiba kisichoguswa. Vitatu, kwa sababu kimoja kikitofautiana na wenzake utajua kuna kitu kimeenda kombo. Kipande kimoja hakiwezi kukuambia hivyo.

Fua vipande vyote kwa sabuni, visuuze, na uvitumbukize kwenye jiki vikiwa vimelowa maji safi. Kipande kikavu huelea. Kinabeba mapovu madogo ya hewa kwenye msuko, na kila palipo na povu hubaki doa la buluu ambalo halihusiani na ukolezi.

Kuhusu michanganyiko, sioni sababu ya kutumia jiki tupu darasani. Kwa chupa ya asilimia 3.5, pima mililita 40 za jiki na 60 za maji, upate asilimia 1.4. Halafu 20 kwa 80, upate 0.7. Kisha 10 kwa 90, ambayo ni 0.35. Kisha 5 kwa 95, ambayo ni 0.175. Bika ya tano iwe maji matupu. Kila bika ni nusu ya iliyotangulia, kwa hiyo dhana ya "mara mbili" inajaribiwa moja kwa moja, hatua baada ya hatua. Bika ya maji matupu wengine huiona kupoteza muda, lakini ndiyo inayothibitisha kwamba kulowa, kushikwa na kusuuzwa peke yake hakukubadilisha rangi.

Kuhusu muda, usitumbukize vipande vyote kwa pamoja kisha uvitoe kimoja kimoja. Ukianza bika ya kwanza, subiri sekunde 30 ndipo uingie ya pili, na kuendelea. Wakati wa kutoa fuata mpangilio uleule. Kila kipande kitakuwa kimekaa muda sawa. Muda wenyewe uchaguliwe kwa kujaribu kwanza na kipande cha pembeni. Ukiacha saa nzima, huenda vyote vikawa vyeupe na darasa likahitimisha kwamba ukolezi hauna maana. Ukitoa baada ya nusu dakika, huenda vyote vikabaki buluu na hitimisho likawa lilelile potofu. Unatafuta muda ambao bika kali imekaribia kumaliza na bika dhaifu ndiyo kwanza imeanza.

Na kutoa kipande kwenye bika hakusimamishi kazi. Jiki iliyobaki ndani ya nyuzi inaendelea kuvunja nili huku wanafunzi wakijipanga kwenye bomba. Anayesuuza wa mwisho amepata dakika za bure. Weka ndoo ya maji mengi karibu na kila meza, kipande kiingie humo mara moja. Maabara ikiwa na thaiosalfeti ya sodiamu, mchanganyiko wake dhaifu huimaliza hipokloriti iliyobaki papo hapo, kisha kipande kinasuuzwa tena kwa maji.

Joto nalo lina sauti yake. Mmenyuko huenda kasi zaidi maji yakiwa na joto, hivyo matokeo ya mchana wa Mombasa hayawezi kulinganishwa na ya asubuhi ya Njombe bila kuandika nyuzi joto za maji.

Jicho halitoshi

Kipande kilicholowa huonekana cheusi kuliko kikiwa kikavu, kwa hiyo usihukumu kabla ya kuanika, na uanike kivulini. Hata vikiwa vikavu, jicho la anayejua kipande kipi kimetoka kwenye jiki kali litaona alichotarajia. Dawa yake ni kuandika alama za siri nyuma ya vipande, kuvichanganya, na kumwita mtu asiyehusika avipange kutoka kilichokolea hadi kilichopauka. Viwanda vya nguo hulinganisha mabadiliko ya rangi na kadi maalumu ya vijivu yenye daraja 1 hadi 5. Darasa linaweza kujitengenezea kadi yake.

Simu inafanya vizuri zaidi. Panga vipande vyote juu ya karatasi nyeupe, vipigwe picha moja, kwenye mwanga mmoja, bila flashi. Kisha fungua picha katika programu yoyote inayosoma rangi kwa namba. Kila nukta ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Wanafunzi wengi huifuata namba ya buluu kwa sababu jinzi ni ya buluu, na hushangaa ikisogea kidogo tu. Namba ya kufuata ni ya nyekundu. Nili hufyonza mwanga mwekundu. Ikivunjwa, mwekundu unaanza kurudi, na namba hiyo hupanda kuliko nyingine zote. Soma sehemu kadhaa za kila kipande, upate wastani, kwa sababu kitambaa kina nyuzi nyeupe na za buluu ubavu kwa ubavu.

Yanayosemwa mitaani

Kwamba siki husimamisha jiki. Hili nalitaja kwa uzito wote, kwa sababu linaweza kuumiza watoto. Jiki hutengenezwa ikiwa na asili ya magadi ili itulie. Ukiitia siki, ndimu au asidi ya kusafishia choo, unaiamsha, na inaachia gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumika kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Ikichanganyika na amonia, ikiwemo ile inayotokana na mkojo, hutoa kloramini, ambayo nayo huchoma mapafu. Kwa hiyo mabaki ya jaribio yasimwagwe kwenye choo cha mkojo. Madirisha yawe wazi, glovu na miwani ya kinga viwepo, na aliyerukiwa machoni aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha apelekwe hospitali.

Kwamba jinzi zote hupauka kwenda nyeupe. Za nili, ndiyo. Jinzi nyeusi nyingi hutiwa rangi za salfa, na klorini huzigeuza kuwa kahawia au wekundu wa kutu kabla ya weupe wowote. Usizichanganye katika jaribio moja. Kwamba chumvi huzuia jinzi kupauka: nili haishikwi na chumvi.

Kwamba kilichopauka vizuri kimefaulu. Hapa nadhani ndipo jaribio hili linapokatishwa mapema mno. Pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya sukari iliyoungana, na hipokloriti haichagui kati ya nili na pamba. Nili ikiisha kwenye ganda, dawa iliyobaki inaendelea na uzi. Ile jinzi inayovutika ina nyuzi za elasteni ndani, nazo huharibiwa na klorini. Kitambaa kinaweza kutoka kwenye bika kikiwa kizuri na kuchanika baada ya kufuliwa mara chache.

Hilo linapimika pia. Chomoa uzi wa mtande kutoka kwenye kila kipande, uufunge kwenye ufito, na upande wa chini ning'iniza chupa nyepesi ya plastiki. Ongeza maji kwa sindano ya mililita hadi uzi ukatike. Kila mililita ni gramu moja. Rudia kwa nyuzi kadhaa, kisha chora grafu ya pili chini ya ile ya rangi. Linganisha bika ya 0.7 na ya 1.4: kwenye grafu ya rangi zinaweza kuwa karibu sana, kwa kuwa nili imekwisha kote kuwili. Kwenye grafu ya uzi hazina sababu ya kukaribiana hivyo, maana pamba bado ipo ya kushambuliwa. Mzazi aliyeuliza mnapima nini aonyeshwe grafu hizo mbili kwa pamoja.

Hesabu ileile ya kuzimua ndiyo inayotumika katika vituo vya afya wakati wa kipindupindu, ambapo michanganyiko ya klorini, kwa mfano wa asilimia 0.5, hutumika kuua vijidudu. Kutoka kwenye chupa ya asilimia 3.5, hiyo ni sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji. Chupa ikiwa ya asilimia 5, sehemu za maji ni tisa. Mchanganyiko huo hauwekwi akiba. Hutengenezwa upya kila siku, kwa sababu ukishazimuliwa nguvu yake hupotea haraka.